Mama Kasoro na Bango la Mkate

Mtaani walimwita Mama Kasoro, na aliyembandika jina hilo hakukosea hata chembe. Mbele yake walimwita "fundi", tena kwa adabu, maana mwanamke mwenye ngazi, ndoo ya rangi na maneno makali kama yale huwezi kumwita ovyo. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka kwa mkono. Kazi yake ya pili, ambayo hakutumwa na mtu, ilikuwa kudharau vibao vya wenzake.

Na kudharau alijua, jamani! Asubuhi akitoka kununua maziwa alipita mtaa mzima mikono nyuma, shingo juu, anakagua. Kwenye duka la dawa: "Huo msalaba umelewa, na wagonjwa ndio wanaufuata." Kwa kinyozi: "Hicho kichwa ulichokichora hakina masikio. Umeshayakata?" Saluni ilikuwa na bango la mwanamke anayecheka meno yote nje, na mwanamke huyohuyo alikuwa anacheka kwenye bango la daktari wa meno, la benki, na la nyumba za kupanga. "Dada wa watu anafurahia kila kitu," alisema Mama Kasoro. "Hana hata siku moja ya kununa? Mpumzisheni." Wenye maduka wengine walicheka, wengine walinuna, na wote walimpisha.

Aliyemkata maini hasa ni Bwana Mashine. Huyu alikuwa mtu mpole wa miwani na kompyuta, aliyefungua chumba cha kuchapa mabango ya plastiki upande wa pili wa barabara. Unaingia na jina la duka lako, unakaa kidogo kwenye kiti, unatoka na bango limekunjwa kwapani. Nusu ya wateja wa Mama Kasoro walihamia huko bila hata kuaga.

"Umeona bango lake jipya?" jirani yake, fundi cherehani, alimchokoza siku moja.

"Lile lenye kivuli nyuma ya herufi? Nimeliona. Herufi ikishindwa kusimama yenyewe, wanaitafutia kivuli iegemee."

Msidhani hakuna alichokipenda. Vilikuwepo, ila si vile ambavyo watu husimama navyo kupiga picha. Chumbani kwake ukuta mmoja ulijaa misumari, na kila msumari ulining'iniza kitu ambacho wewe na mimi tungekitupa: ganda la kiberiti, komeo lililotengenezwa kwa spoki ya baiskeli, kipande cha karatasi ya sabuni chenye kijani alichokuwa anakitafuta, kishikio cha kikombe kilichovunjika mahali pazuri. J yake, ile iliyojulikana mtaa mzima, aliiokota kwenye mdomo wa birika la jirani. Na mtu aliyemvulia kofia kuliko wote alikuwa muuza karanga wa pale kona. "Tazama," alimwambia fundi cherehani, akiufungua mfuko wa karanga na kuukunja tena. "Karatasi moja ya gazeti. Hakuna gundi, hakuna pini, na karanga hata moja haidondoki. Huyo ndiye mbunifu. Hawa wengine wanapaka rangi tu."

Na yeye mwenyewe alikuwa na akili ya kazi, tusimnyime haki yake. Fundi wa kufuli alipomwomba kibao, alipaka ukuta mzima wa mbele uwe kufuli kubwa, mlango ukawa ndio tundu la ufunguo. Ukitaka kumwona fundi, unapita tunduni. Watu walipeleka kufuli nzima zikatengenezwe ili waingie tu. Fundi cherehani naye, ambaye hajawahi kumaliza nguo ya mtu siku aliyoahidi, alikuta kibao chake kimeandikwa nusu, nusu ya pili tupu, na pembeni imechorwa sindano ina uzi. Alifoka, akatishia kukishusha. Wateja wakaja kucheka, wakabaki kupimwa, na kibao kikabaki pale pale.

Basi sifa zikafika mbali, wakaja vijana wawili kutoka kampuni ya matangazo, na kamera zao na viatu vyao visivyo na vumbi. Walitaka kujua anapata wapi msukumo.

"Msukumo?" Mama Kasoro aliwatazama juu mpaka chini. "Ninasukumwa na njaa. Nyie mnasukumwa na nini?"

"Tunamaanisha mawazo, mama. Yanakujaje?"

"Ninatembea na macho yangu. Nyie yenu mmeyaacha kwenye hizo kamera. Haya, sogeeni, mnanizibia mwanga."

Wakaandika, eti, maneno hayo kama hekima kubwa, wakashukuru wakaenda. Mama Kasoro alisonya mpaka brashi ikatingishika.

Sasa, mtu huyu alikuwa na binti mmoja, na hapo ndipo palipomuuma. Walimwita Kitone, kwa sababu alipokuwa mdogo alikaa chini ya ngazi ya mama yake na rangi ikamdondokea utosini karibu kila siku. Kila mtu alijua kwamba Kitone atashika brashi. Mama alimfundisha kazi alipofikia umri wa kusimama kwenye ngazi, na alimfundisha hivi: binti anaandika, mama anatazama, mama anatoa kitambaa chenye tapentaini, anafuta. Hakufoka, hakumtukana, alifuta tu. "Inalala," anasema. Anafuta. "Inanenepa." Anafuta. Siku moja Kitone aliiweka brashi chini, akanawa mikono, akaenda kuomba kazi kwenye tanuri la mikate.

"Unga ukiukosea unaukanda tena," alimwambia mama yake. "Haunitazami vibaya."

Mama Kasoro alidharau na hiyo. Mkate! Kitu kinacholiwa kikaisha, kesho hakuna anayekikumbuka. Lakini miaka ikapita, Kitone akawa fundi wa mikate hasa, na sasa alikuwa anafungua duka lake mwenyewe, pale pale mtaani, mlango wa bluu karibu na muuza karanga. Na duka lile lilihitaji kibao.

Hakumwomba mama yake. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Alikuja kumsalimu, akala, akaongea habari za tanuri na mafundi bomba, habari ya kibao hakuigusa. Mama naye, na kiburi chake kile, angeuliza? Angekufa kwanza. Alichofanya ni kuandaa kibao kimyakimya, ili siku atakapoombwa ajifanye kushangaa.

Na kibao hicho, niwaambie, kilikuwa kazi ya maisha yake. Alinunua mkate akauweka dirishani, hakuukata, akatazama jua linavyotembea juu ya ganda lake mpaka ukakauka. Akanunua mwingine. Alichanganya kahawia mpaka akapata ile ya pembeni, pale mkate unapokaribia kuungua lakini haujaungua. Akakata ubao kwa umbo la mkate, kisha akakata kipande cha mwisho kama slesi, akakitundika kwa mnyororo mfupi. Duka likifungwa, unasukuma slesi irudi, mkate unakuwa mzima. Duka likifunguliwa, unaivuta nje, mkate umekatwa, karibuni. Hakuna neno "wazi", hakuna neno "tumefunga". Hata asiyejua kusoma angejua. Alipokikamilisha kibao aliivuta slesi na kuirudisha, akaivuta na kuirudisha, akicheka peke yake chumbani. Kisha akapiga mistari ya chaki mahali pa maneno, akaufunika ubao kwa shuka, akausukuma chini ya kitanda.

Hiyo mistari ya chaki ndiyo ilikuwa dini yake. Unavuta uzi uliopakwa chaki, unaukaza, unaufyatua, tap, mstari unanyooka. Mama Kasoro hakuandika herufi bila uzi, hata kama ni neno moja nyuma ya mlango wa choo. Na hakuzaliwa hivyo. Kibao chake cha kwanza cha kulipwa alimwandikia mwenye duka la dawa wa zamani, akaandika kwa mkono huru, kwa raha zake, na yule bwana akamrudisha juu ya ngazi akifute mbele ya watu, watu wakicheka, kwa kuwa herufi zilikuwa zimeinama. Tangu siku hiyo hakuna herufi yake iliyoinama. Na tangu siku hiyo hakuacha kuziona za wengine zikiinama.

Siku chache kabla ya kufungua, Kitone alikuja nyumbani akaingia jikoni, akatoka amekumbatia makopo: la sukari, la bizari, la mafuta, la mchele, yale yale ya zamani yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu iliyobabuka.

"Unapeleka wapi mabati hayo?" aliuliza mama.

"Nataka kuweka vitu dukani."

"Makopo yenye kutu! Mtu anafungua duka jipya kwa makopo yenye kutu. Hujui plastiki?"

"Najua, mama."

"Chukua. Yananijazia rafu bure."

Kitone alichukua akaenda. Rafuni yakabaki maduara ya usafi katikati ya vumbi, na Mama Kasoro aliyapita kila siku bila kuyaona, akiendelea kusubiri kuombwa.

Asubuhi ya kufungua alikuwa bado anasubiri. Alivaa gauni lake la kutokea, akajisemea kwamba anakwenda kuangalia tu, mama wa mtu haendi kweli kuangalia? Alipofika kona ya muuza karanga akaliona. Juu ya mlango wa bluu, limekazwa kwa kamba mpya, bango la plastiki, refu kama mlango wenyewe uliolazwa, nyekundu juu ya nyeupe: MKATE SAFI KARIBU. Chini yake alisimama Bwana Mashine na miwani yake, fundi cherehani, majirani kadhaa, na Kitone na aproni yake, uso umemkauka kwa wasiwasi.

 Mashine. Mwanangu ameenda kwa mashine. Kilichomjia Mama Kasoro kwanza kilikuwa kilio, akakimeza. Kilichofuata kilikuwa ulimi, na huo hakuumeza.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema Bwana Mashine.

"Nyamaza kwanza nisome." Akaweka mikono nyuma, shingo juu. "Hee! Makubwa. Nani kaandika hivi? Hizi herufi zimetoka kulala? Kila moja inaangalia kwake."

Majirani wakaanza kucheka. Walikuja kwa mkate na wakapata na hii.

"Mama, mimi nilikuwa..." Bwana Mashine alianza, lakini Kitone alimshika mkono akamzuia.

"Acha aseme," alisema Kitone.

"Nitasema, kwa nini nisiseme! K imechoka, inaegemea mwenzake. A imetanua miguu. Na tazama hiyo R! Mguu umerushwa mbele huko, R gani hii? Inapiga mpira?"

Watu walikufa kwa kicheko. Fundi cherehani alijishika mbavu. Yeye alikuwa na kibao chake cha kulipizia. Kitone hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake kwa namna ya ajabu.

"Inapiga mpira," alisema taratibu. "Na S, mama?"

"S? S ina tumbo. Mtu angedhani imemaliza sukari ya watu."

"Imeiba sukari. Imepanda rafu, imeiba, imeshiba, haiwezi kushuka."

"Ndiyo, kama..." Mama Kasoro alisita kidogo, ila mdomo ulikuwa umeshika mteremko. "Na B hiyo! Imekaa kitako chini, imegoma kunyanyuka."

"Kwa nini imegoma?"

"Kwa sababu inataka..."

Hakumaliza. Kitone alimmalizia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo kabisa.

"Inataka kubebwa. Ulisema hivyo, mama. Ulikuwa umenibeba kiunoni, unaandika kwenye kopo la bizari kwa mkono mmoja. Ukaniambia, hii B ni kama wewe, ni nzito na bado inataka kubebwa."

Kicheko cha watu kilikatika. Kupitia mlango uliokuwa wazi, Mama Kasoro aliona rafu ya duka, na juu ya rafu makopo manne na kutu yake yote yamepangwa mahali pa heshima: SUKARI, BIZARI, MAFUTA, MCHELE. R ilirusha mguu. S ilikuwa na tumbo. Zilikuwa zimeinama zote, kila moja upande wake, za mwanamke ambaye hakuwa amefutishwa kibao chake na mtu bado, aliyeandika bila uzi, rangi iliyobaki, mtoto kiunoni, wanacheka wote wawili.

Hakuzijua. Herufi zake mwenyewe, alizomfundishia mtoto kusoma, amezisimamisha mbele ya mtaa akazivua nguo. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

"Nilizipiga picha tu nikazikuza," alisema Bwana Mashine kwa sauti ndogo. "Sikuzigusa. Binti yako alinikataza kuzinyoosha."

"Kwa nini hukuniomba mimi?" Mama Kasoro alimuuliza binti yake. Lilimtoka hivyo, wazi, mbele za watu. "Mimi nipo. Nilikuwa nasubiri. Kwa nini hukuniomba?"

Kitone alifuta macho kwa aproni na unga ukambaki shavuni.

"Niliogopa utaniandikia vizuri," alisema. "Ungeleta uzi wako, ungezinyoosha, zingekuwa nzuri kama za maduka yote. Mimi sikutaka za fundi. Nilitaka za mama."

 Majirani walitazama chini, kila mtu ameanza kuvipenda viatu vyake. Kisha Mama Kasoro akageuka, akaondoka, gauni la kutokea likipiga hatua kubwakubwa, na Kitone akabaki amemshika fundi cherehani mkono. "Nimemuudhi," alisema. "Nimemuudhi kabisa, siku yenyewe ya leo."

Waliofika kununua wakaambiwa wasubiri kidogo. Mkate ulikuwa unapoa.

Mama Kasoro akarudi. Alikuwa amebeba ubao kichwani, mkubwa, umefunikwa shuka, na mnyororo unalia. Aliushusha mlangoni, akavua shuka, na watu wakasema "aa!" kwa pamoja, maana ule mkate ulionekana umetoka tanurini saa hiyo. Mistari ya chaki ilikuwa bado katikati, imenyooka, inasubiri maneno. Mama Kasoro alipiga goti, akashika upindo wa gauni lake la kutokea, akaifuta yote.

"Hukuandika kitu?" Kitone aliuliza.

"Niandike nini tena? Maneno si yapo hapo juu." Alimwonyesha mnyororo. "Ukifungua, vuta hivi. Ukifunga, sukuma. Usimpe fundi cherehani akusaidie, atakiacha nusu."

Fundi cherehani alijifanya hajasikia. Ngazi ililetwa, ubao ukatundikwa chini ya bango, ukakaa sawa kana kwamba ulipimwa hapo. Bwana Mashine alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili autazame vizuri, na hakuna aliyemwambia aseme lakini akasema kwamba hajawahi kuona kitu kama kile.

"Najua," alisema Mama Kasoro. Alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara, mikono nyuma, shingo juu, akalikagua bango lote kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.  Macho yake yalikuwa mekundu, na yeye hakujali nani anayaona.

"Ila wewe, Bwana Mashine," alisema, "hiyo R umeikata mguu. Kwenye kopo unafika chini kabisa. Kesho uirudie. Usinichezee herufi zangu."

Kitone alinyoosha mkono, akaivuta slesi nje, na watu wakaanza kuingia.